Wasomaji Wanauliza: Timu ya Wavuti ya Ulaya, Nani Anafanya Nini?

Toleo hili maswali yamekuja mengi ya lugha na kazi za mtandaoni, na karibu yote yametoka huku huku kwetu Dodoma na Singida, nimefurahi kweli. La kwanza nalijibu kwa kirefu maana najua kuna ofisi nyingi zenye shida hiyo hiyo, yanayofuata nitaenda nayo haraka haraka.

Shikamoo anti. Mimi nipo Nzuguni, nafanya kazi kwenye asasi moja ya maji na afya, tunahudumia vijiji vya Chamwino, Kondoa mpaka Manyoni. Bosi kaniambia nitengeneze ukurasa wa kutambulisha timu yetu ya mawasiliano kwenye tovuti, akasema kaangalie Umoja wa Ulaya wanavyofanya maana wao wana lugha kibao. Nimeangalia nikachanganyikiwa, sijui nani ni nani. Hiyo timu yao ina watu gani, na mimi nichukue nini kwao? – Msomaji, Nzuguni

Marahaba mwanangu. Bosi wako kakutuma sehemu nzuri, ila ni pakubwa mno, lazima uchanganyikiwe. Tuanze na lugha zenyewe ndo utaelewa kwa nini watu ni wengi hivyo. Umoja wa Ulaya una nchi 27 na lugha rasmi 24. Kanuni yao namba 1, ya mwaka 1958, ilikuwa ya lugha, ona walivyolipa uzito hilo jambo toka siku za mwanzo kabisa. Wakati huo lugha zilikuwa nne tu, Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, halafu zikawa zinaongezeka kadiri nchi zinavyoingia, ya mwisho kuingia ni Kikroatia mwaka 2013. Na mwananchi wa kule akiwaandikia kwa lugha yoyote kati ya hizo 24 wanatakiwa wamjibu kwa lugha hiyo hiyo, ipo kwenye mkataba wao. Kwa hiyo usije ukadhani zile lugha wameziweka kupendezesha ukurasa, ni haki ya mtu ile.

Sasa watu wenyewe. Chukua kurasa za Tume ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ile yenye makao Brussels. Kuna mhariri wa wavuti, huyu anapokea taarifa kutoka kwa wataalamu, ambayo mara nyingi imejaa lugha ya kiofisi, anaifumua na kuiandika upya mpaka mtu aliyesimama kwenye basi na simu mkononi aielewe. Wana hadi kijitabu cha kuwafundisha watumishi wao kuandika kwa lugha nyepesi. Yupo afisa mwenye mada, yeye ndo anayejua kama kilichoandikwa ni kweli kisheria. Wapo wanaosimamia mtambo wa tovuti, yaani kupandisha kurasa, kurekebisha linki zilizokufa, kuhakikisha ukurasa unafunguka. Yupo wa kuangalia kama mtu asiyeona anaweza kuusikiliza huo ukurasa kwa programu ya kusoma skrini, na hili kule ni lazima, wana sheria ya mwaka 2016 kuhusu tovuti za taasisi za umma. Wapo wa mitandao ya kijamii, wapo wa kusoma takwimu za nani kafungua nini. Na wapo wa kupokea maswali, huduma yao inaitwa Europe Direct, unapiga simu au unaandika kwa lugha yoyote rasmi unajibiwa.

Halafu sasa ndo wanakuja watafsiri, na hapa ndo nataka utulie kidogo. Tume ina kurugenzi nzima ya tafsiri, watu wapatao 2,000, wako Brussels na Luxembourg. Wamepangwa kwa lugha, Kiestonia wana idara yao, Kimalta wana yao, Kigiriki wana yao, haijalishi lugha ina wazungumzaji milioni moja au milioni tisini. Na utaratibu wao ni kwamba mtu anatafsiri kuingia kwenye lugha yake ya mama, yaani Mfini anatoa Kiingereza au Kifaransa anaingiza Kifini. Pembeni yao wapo watu wa istilahi, kazi yao ni kuhakikisha neno la kitaalamu linabaki lile lile kwenye kila hati, na hazina yao ya maneno inaitwa IATE, waliifungulia umma mwaka 2007, hata wewe ukiwa hapo Nzuguni unaweza kuingia ukatafuta.

Nikuonyeshe kazi inavyotembea. Wana tovuti inaitwa Your Europe, inawaeleza raia haki zao. Mle kuna ukurasa wa abiria wa ndege. Sheria yao ya mwaka 2004 inasema ndege ikifutwa unaweza kulipwa fidia ya euro 250, 400 au 600 kutegemea na umbali wa safari. Haya, tuseme namba moja imebadilika. Mhariri anabadilisha sentensi, afisa mwenye mada anaithibitisha, inatumwa kwa watafsiri. Mtafsiri wa Kilatvia akifungua kompyuta yake hatafsiri ukurasa mzima upya, kumbukumbu ya tafsiri inamwonyesha sentensi zote za zamani alizotafsiri yeye au mwenzake, kwa hiyo anashika ile iliyobadilika tu. Anatafsiri, na kabla haijatoka kunakuwa na jicho la pili la kuikagua. Inarudi kwa mtu wa mtambo, anaipandisha, halafu ukurasa unatakiwa uangaliwe kwenye skrini ya simu, maana Kijerumani kina maneno marefu, batani iliyotosha kwa Kiingereza inaweza kukatika katikati ya neno, na Kigiriki na Kibulgaria wana alfabeti zao wenyewe, kwa hiyo na fonti lazima zikubali. Sasa fikiria ukurasa mmoja tu wa Kiestonia ukasahaulika ukabaki na namba ya zamani. Yule abiria wa Tallinn ataenda kaunta na taarifa ya uongo aliyopewa na serikali. Ndo maana kuna mtu mwingine tena, mratibu, kazi yake ni kujua lugha ipi imerudi na ipi bado.

Unaona hapo? Kila lugha ina mwenyewe. Hicho ndo kitu cha kuchukua kwao mwanangu, hayo mengine ni pesa na ukubwa wa taasisi. Ukiuliza nani anawajibika na Kislovenia kwenye ukurasa huu, jibu lipo. Njoo sasa kwenye asasi zetu na hata ofisi kubwa hapa mjini, uliza nani anawajibika na Kiswahili kwenye tovuti yenu. Kimya. Kiingereza kina mwenyewe, kapewa cheo kabisa, na mfadhili anasoma anasifia. Kiswahili kinaachwa mpaka siku moja kabla ya uzinduzi anapewa kijana wa kompyuta, "we tafsiri tu, sote si tunajua Kiswahili". Hilo linaniuma sana, kwa sababu anayekuja kusoma huo ukurasa wa Kiswahili ndo yule mwenye shida ya maji, sio mfadhili. Kila mtu kukijua Kiswahili haina maana kuna mtu anakishughulikia.

Kwa hiyo ukurasa wako wa timu uanze hapo. Mtaje mtu wa Kiswahili kwanza kabisa, juu, na useme anafanya nini kwa msomaji. Watu wengi wakitambulisha timu wanaandika wasifu, shahada, chuo, miaka ya uzoefu, "ana shauku na maendeleo". Mama wa Manyoni anayetaka kuripoti pampu imeharibika hiyo inamsaidia nini? Andika hivi: "Anaandika na kuhariri kurasa za Kiswahili. Kama kuna kitu hujakielewa au umeona kosa, muulize yeye, kwa Kiswahili au Kigogo." Basi. Mistari miwili, mtu kashajua amtafute nani na aongee naye lugha gani. Na lugha za kuzungumza ziandikeni kweli, huku katikati tuna utajiri ambao hata hao wa Brussels wangeshangaa, Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu, Kiburunge ni ya Kikushi, Wabarbaig wana lugha ya Kiniloti, na Kisandawe cha kule Chemba kina ile midoko ya ulimi, hiyo iko peke yake kabisa. Dereva wenu akiwa anaongea Kirangi vizuri kuliko afisa mawasiliano, basi Kirangi mwenyewe ni dereva, mwekeni kwenye timu na mumlipe kwa hiyo kazi, msimtumie bure.

Kuna jambo la bendera pia, naliona kila siku. Kwenye kuchagua lugha wale wa Tume hawaweki bendera, wanaandika jina la lugha kwa lugha yenyewe. Na wana sababu, Ubelgiji peke yake ina lugha rasmi tatu, Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, utaweka bendera gani? Kijerumani nacho ni cha Ujerumani na Austria. Sisi tunaweka bendera ya Tanzania kwa Kiswahili na ya Uingereza kwa Kiingereza, na kuna Wakenya na Wakongo wanasoma. Andika tu "Kiswahili", inatosha. Na ukiwa kwenye ukurasa wa Kiswahili, kila kitu kiwe Kiswahili, mpaka menyu, mpaka maandishi ya batani ya kutuma fomu. Mtu anajaza fomu vizuri halafu mwisho anakutana na batani ya Kiingereza anaogopa kuibonyeza, nimeshaona.

La mwisho kwako, picha na majina. Usiweke picha ya mtu wala namba yake ya simu binafsi bila ridhaa yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Hata Ulaya, orodha yao ya watumishi inayoitwa EU Whoiswho ni ya viongozi zaidi, mfanyakazi wa kawaida humkuti mle na picha yake. Kwa maswali tumia imeili ya ofisi na namba ya ofisi, mtu akihama kazi usianze kuhangaika kubadilisha kurasa zote. Halafu chukua hizo kurasa mpelekee mtu wa pale sokoni Majengo asiyejua asasi yenu azisome kwa simu yake, sio kwa laptopu ya ofisini. Akikwama, hapo ndo parekebishwe kabla hujampelekea bosi.

Mambo vipi anti, mimi nimemaliza Kiswahili pale UDOM, nipo Singida nyumbani natafuta kazi. Nimesikia Umoja wa Ulaya wanaajiri watafsiri wengi sana, Kiswahili nacho kinaweza kuniingiza? – Msomaji, Singida mjini

Poa mdogo wangu, hongera kwa kumaliza. Nikuambie ukweli usije ukapoteza hela ya intaneti, kwa ajira ya kudumu ya mtafsiri pale Brussels, hapana. Kwa kawaida wanataka raia wa nchi mwanachama, na lugha yako kuu iwe moja ya zile 24, Kiswahili hakimo. Mtu akikutumia tangazo kwenye WhatsApp eti wanatafuta watafsiri wa Kiswahili wa Umoja wa Ulaya na kuna ada ya fomu, huyo ni tapeli, mfute.

Ila milango ipo. Tume ina mafunzo ya vitendo yanaitwa Blue Book, ya miezi mitano, wanalipa posho, kundi moja linaanza Machi lingine Oktoba, na wanachukua wachache kutoka nje ya Ulaya, mradi uwe na shahada na Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani chako kiwe kizuri sana. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno, omba lakini usiache mengine. Halafu ujumbe wao, yaani ofisi yao kama ya ubalozi, upo Dar es Salaam, kule wapo na wafanyakazi Watanzania, matangazo ya kazi yakitoka soma.

Mimi lakini ningekuwa wewe ningeangalia karibu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC toka mkutano wa Dar es Salaam Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha rasmi ya kazi Februari 2022. Nchini kwetu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, sasa hebu fikiria vitabu vyote vile vya sheria vilivyokuwa kwa Kiingereza, hiyo kazi anafanya nani kama sio nyie? Nenda BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, uulize utaratibu wa wafasiri na wakalimani. Idhaa ya Kiswahili ya DW kule Ujerumani ipo hewani toka 1963, Umoja wa Mataifa nao wana habari kwa Kiswahili, wote hao wanahitaji watu wa kuandika vizuri kwenye wavuti. Na ongeza kitu kimoja juu ya hiyo digrii, mada. Mtafsiri wa "kila kitu" wapo wengi, mtafsiri anayejua afya au sheria au kilimo ni wachache. Wewe umekulia Singida, alizeti na nyuki unazijua toka utotoni, anza hapo. Tafuta kipeperushi kibovu cha kilimo, kitafsiri upya vizuri, hicho ndo cheti chako cha kwanza.

Hivi anti hao Wazungu na pesa zao si watumie mashine tu kutafsiri? Sisi ofisini tunabonyeza Google maisha yanaenda. – Msomaji, Area C

Wanaitumia. Wana mashine yao wenyewe inaitwa eTranslation, ipo toka 2017, na imefundishwa kwa tafsiri zilizofanywa na wale watafsiri kwa miaka mingi, ndo maana inawafaa kwa hati zao. Na si kila ukurasa unapata lugha 24, sheria na mambo makubwa ndio, lakini taarifa za kitaalamu sana za kusomwa na watu wachache nyingi zinabaki kwa Kiingereza au lugha mbili tatu, na kwenye baadhi ya kurasa msomaji anapewa chaguo la kusoma tafsiri ya mashine, anaambiwa wazi kabisa kuwa hii ni ya mashine. Hapo kwenye kuambiwa wazi ndo mimi nawapenda. Nyie ofisini kwenu mnamwambia msomaji? Kwa kujua barua inasema nini, bonyeza tu hamna shida. Kwa kitu ambacho mtu atakitegemea, kipimo cha dawa, tarehe ya mwisho ya kuomba kiwanja, masharti ya mkopo, lazima asome mtu anayejua Kiswahili na anayejua hiyo mada, mwanzo mpaka mwisho, na awe tayari kuulizwa kesho likitokea tatizo. Mashine haiulizwi.

Shikamoo mama. Bibi yangu yupo kijijini Kondoa, hajui kusoma, Kiswahili anakisikia kidogo, lugha yake ni Kirangi. Hizi tovuti zenu za lugha nyingi zinamsaidia nini yeye? – Msomaji, Kondoa

Marahaba mjukuu wa bibi, nimelipenda sana swali lako. Tovuti ya maandishi haimsaidii kitu, tusidanganyane. Na usidhani Ulaya wamemaliza hilo, Kikatalani kina mamilioni ya wasemaji kule Hispania na bado hakimo kwenye zile 24, Hispania imeomba kiingizwe pamoja na Kibaski na Kigalisia.

Kwa bibi dawa ni sauti. Zahanati au mradi wa maji ukiwa na tangazo, mtu anayeongea Kirangi cha pale pale arekodi hilo tangazo kwa simu, dakika moja au mbili isizidi maana bando ni ghali na faili kubwa halifunguki huko, aanze kwa kutaja jina lake na ofisi anayotoka ili wasikilizaji wajue sio uvumi, aseme jambo moja tu, kwa mfano chanjo ni lini na wapi, na aseme tarehe, kwa sababu sauti za WhatsApp huwa zinazunguka mpaka mwezi unaofuata watu wanaenda zahanati siku isiyo yake. Kabla ya kutuma msikilizishe mzee mmoja wa kijijini, mwambie arudie alichosikia kwa maneno yake. Akirudia tofauti rekodi upya. Itume kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kwa wajukuu kama wewe wenye simu, nyie ndo mnaowafikia mabibi. Na sauti hiyo hiyo ipandishwe kwenye tovuti ya mradi, chini ya jina la Kirangi. Yule dada wa Nzuguni wa swali la kwanza kasema wanafanya kazi mpaka Kondoa, natumaini anasoma na hapa, na wewe kama Kirangi unakijua vizuri waandikie, waambie upo tayari kuwa sauti yao.